Muulize Mwalimu: Mtawa na Ugomvi wa Ng'ombe

Toleo lililopita, nikijibu swali kuhusu Ngomeni, yaani Fort Jesus, nilitaja kwa sentensi moja kwamba Mji wa Kale uliwahi kuwa na nyumba ya Waagustino, shirika la Kikatoliki, enzi za Wareno. Sentensi hiyo imeniletea barua nyingi kuliko makala nzima. Nimefundisha historia katika shule za Mombasa mpaka nikastaafu, na sishangai: mwanafunzi huamka pale usipomtarajia. Basi leo ukurasa wote ni wa watawa. Barua ndefu nimezipunguza, na kama ilivyo ada, majina ya waulizaji siyaandiki.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Mikindani. Ami yangu anashikilia kuwa utawa ni mambo ya Wazungu, yalishuka bandarini pamoja na Wareno na wamisionari. Nilimbishia lakini hoja sikuwa nayo.

Marahaba, mwanangu. Ami yako mheshimu, ila kwa hili hesabu zake zimekwenda kombo. Wareno walipotia nanga pwani hii, utawa wa Kikristo ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,200, na haukuzaliwa Ureno. Ulizaliwa Misri, kando ya Nile, katika Afrika hii hii.

Anayetajwa kwanza siku zote ni Antoni, aliyezaliwa mnamo 251. Kwao walikuwa wakulima Wakristo wenye uwezo, shamba lao likikaribia ekari 200 kwa kipimo chetu. Wazazi walifariki yeye akiwa kijana wa miaka 18 au 20, wakamwachia umbu mdogo, dada yake, wa kulea. Siku moja aliingia kanisani akakuta inasomwa Injili ya Mathayo: "Ukitaka kuwa mkamilifu, enenda ukauze ulivyo navyo, uwape maskini." Sisi wengine tumelisikia somo hilo mara ngapi, tukatoka zetu kwenda kula wali! Antoni aliwagawia wanakijiji shamba lote, akauza vyombo, fedha akawapa maskini, akabakisha kidogo kwa ajili ya umbu lake. Baadaye hata hicho kidogo akakitoa, na binti akamweka kwa wanawake waaminifu waliokuwa wakiishi useja.

Hapo ndipo vitabu vya shule huruka jambo. Vinapenda mwanzilishi mmoja, mwenye tarehe moja, ili mtihani usahihishwe upesi. Lakini kitabu cha maisha ya Antoni, alichokiandika Atanasi, askofu wa Aleksandria, muda mfupi baada ya Antoni kufariki mwaka 356, kinasema wazi kwamba kijiji cha jirani kilikuwa na mzee aliyeishi maisha hayo tangu ujana wake, na Antoni alikwenda kujifunza kwake. Jina la mzee huyo halikuandikwa. Na wale wanawake waliompokea binti walikuwapo tayari. Antoni aliukuta moto umewashwa. Yeye aliupeleka mbali. Aliishi makaburini, kisha ndani ya ngome iliyohamwa kwa karibu miaka 20, mpaka watu wakavunja mlango kwa hamu ya kumwona. Mwishowe alihamia mlimani upande wa Bahari ya Shamu. Hata huko aliomba aletewe jembe, shoka na mbegu, apande ngano mwenyewe asiwatwishe watu mzigo wa kumletea mkate, na akaongeza mboga kwa ajili ya wageni. Kumbuka wageni hao. Tutakutana nao tena.

Kwa nini Misri, na kwa nini wakati huo? Jibu la kawaida ni kwamba baada ya Konstantino kuwapa Wakristo uhuru mwaka 313, imani ikawa rahisi, na wenye bidii wakatafuta ugumu jangwani badala ya kufia dini. Si uongo, lakini halitoshi: Antoni alitoka kwao mnamo 270, miaka zaidi ya 40 kabla. Yako na mengine. Kodi za Warumi zilikuwa zimewakaba wakulima wa Misri, na kukimbia kijiji ili kumkwepa mtoza kodi kulikuwa desturi ya kale. Njia ya kwenda jangwani ilikuwa imeshakanyagwa na watu wenye sababu zisizo takatifu kabisa.

Ila mimi, ukiniuliza nimpendaye kuliko wote, si Antoni. Mwaka 324 mkulima mmoja wa Karanis, upande wa Fayum, alipeleka mashtaka kwa wakuu. Ng'ombe wa jirani alikuwa ameingia shambani akaharibu mazao. Alipomkamata ampeleke kijijini, wenye ng'ombe wakamkuta njiani wakampiga kwa rungu, na anasema asingepona kama si shemasi mmoja na mtawa aitwaye Isaka waliotokea wakamwokoa. Karatasi hiyo ya mafunjo ipo mpaka leo, na ndiyo hati ya kale zaidi tunayoijua inayomtaja mtu kwa cheo cha mtawa. Tazama alipokuwa: si pangoni, si kileleni. Alikuwa njiani kijijini, akitenganisha watu wanaopigana kwa sababu ya ng'ombe.

Karibu na mwaka huo huo, Pakomi alianza jambo jingine kule Tabenisi, Misri ya Juu. Huyu alikuwa ametiwa jeshini kwa nguvu akiwa kijana. Yeye na wenzake walifungiwa Thebes, na usiku wenyeji wasiowajua wakawaletea chakula. Akauliza hawa ni akina nani, akaambiwa ni Wakristo. Alipoachiliwa alibatizwa, akajifunza kwa mzee mkaapweke aitwaye Palamoni, kisha akaona kwamba wengi wanaotaka maisha haya watapotea wakiachwa kila mtu peke yake. Akajenga ukuta, lango, jiko moja, chumba kimoja cha kulia, na nyumba nyingi ndani, wakipangwa kwa kazi: wasusi wa mikeka huku, washona nguo kule, washona viatu kwingine. Kila aingiaye sharti ajifunze kusoma, atake asitake. Pakomi alikufa kwa tauni mwaka 346 akiacha nyumba tisa za wanaume na mbili za wanawake. Kutoka kwake ndipo tunapopata utawa wa pamoja, wenye sheria iliyoandikwa.

Na Ulaya? Ulaya ilikuwa mwanafunzi. Kitabu cha Atanasi kilitafsiriwa Kilatini kikasomwa hadi Ujerumani. Mwaka 386 Augustino, mwana wa Thagaste katika Aljeria ya leo, alikuwa Milano akahadithiwa habari za Antoni na Mwafrika mwenzake, na habari hizo zilimtikisa asibaki alivyokuwa. Yohane Kasiano aliishi miaka mingi na wazee wa jangwa la Misri, kisha mnamo 415 akaanzisha nyumba za watawa Marseilles, kusini mwa Ufaransa, akawaandikia Wafaransa jinsi Wamisri wanavyosali, wanavyofunga na wanavyogombana. Ethiopia nao hawakungoja Mreno: monasteri ya Debre Damo, inayofikiwa kwa kuparamia kamba mwambani, asili yake ni karne ya 6. Msomee ami yako hayo yote, lakini baada ya chakula.

Mwalimu, kweli kuna mtu aliyeishi juu ya nguzo? Au mnatuchezea? – Bombolulu

Kweli. Simeoni, Syria, karibu na Halabi. Alifariki mwaka 459 akiwa amekaa juu ya nguzo miaka zaidi ya 35. Alipanda kwa kuwakimbia watu, watu wakajaa chini yake kumletea kesi zao, naye akawa anaamua huko juu. Magofu ya kanisa lililojengwa kuizunguka nguzo hiyo yapo.

Mwalimu, mimi ni mwendeshaji bodaboda Kisauni. Sina ubaya na mtu, ila hawa watu wanaokaa ndani kusali mchana kutwa, nani anawalisha? Si uvivu uliovikwa kanzu?

Swali lako liliulizwa kabla yako, bwana, na waliolijibu kwa ukali zaidi ni watawa wenyewe.

Antoni alipokuwa mpya jangwani alichoshwa, moyo ukawa mzito, akaomba aonyeshwe la kufanya. Akamwona mtu anayefanana naye ameketi anasuka kamba, anasimama kusali, anaketi tena kusuka. Akaelewa. Toka hapo, jangwa lote la Misri likawa la wasusi. Walitumia majani ya mtende. Wakiyaloweka yalainike, wakasuka kamba, mikeka na vikapu, wakauza sokoni wakanunua mkate. Wakati wa mavuno waliteremka bondeni kufanya vibarua, wakalipwa ngano. Katika Fayum hao hao walipakia sehemu ya ngano hiyo mashuani wakawapelekea maskini wa Aleksandria.

Mama yangu mzazi alikuwa msusi wa mikeka, kwa hiyo kuna kisa cha mzee Arseni ambacho sikihitaji kuelezwa. Arseni alitoka jumba la kifalme la Konstantinopoli, mahali pa manukato. Jangwani alisuka majani ya mtende, lakini maji ya kulowekea hakuyabadilisha ila mara moja kwa mwaka; alikuwa akiongeza tu. Yakanuka. Wenzake wakamlalamikia, akawajibu kwamba hiyo ndiyo bei ya manukato aliyoyafurahia zamani. Aliyewahi kukaa chumba kimoja na miaa iliyolowekwa siku tatu tu ataelewa kwamba wenzake hawakulalamika bure. Mama angemtupa nje yeye na ndoo yake.

Kisa kingine anacho Kasiano. Mzee Paulo aliishi mbali mno, safari ya siku saba kutoka mjini, na nauli ya kupeleka vikapu sokoni ingezidi bei ya vikapu vyenyewe. Wewe unayeijua bei ya petroli utamwelewa. Mitende na bustani yake ilimtosha kwa chakula. Hata hivyo kila siku alijipimia kazi, akasuka, akaweka pangoni. Na pango lilipojaa mwisho wa mwaka, akavitia moto vyote, akaanza upya. Kasiano anamsifu: kazi ilikuwa ya kuutuliza moyo. Mimi, nasema kwa heshima, nimesumbuliwa na kisa hiki miaka yote. Mtu aliye siku saba kutoka sokoni ameshinda uvivu, sawa, lakini vikapu vya mwaka mzima kuwa majivu!

Nadhani si mimi peke yangu. Basili wa Kaisaria, askofu wa huko Uturuki ya leo, alizunguka Misri, Syria na Palestina akiwatazama wakaapweke, akarudi na swali moja ambalo aliliandika katika kanuni zake: ukiishi peke yako, utamwosha nani miguu? Bwana aliwaosha wanafunzi miguu. Wewe mwenzangu na mimi pangoni, utaionyesha wapi huruma, na nani atakwambia umekosea? Akajenga nje ya mji wake mahali pa wagonjwa, wenye ukoma, maskini na wasafiri, watawa wakihudumu humo. Alifariki mwaka 379. Tangu hapo utawa wa Mashariki umetembea kwa kanuni zake, na ukienda hospitali yoyote ya masista ujue kwamba nasaba yake inafika kwa Basili.

Kwa hiyo nani anawalisha? Mikono yao, kwa kawaida. Kuna nyakati walinenepa kwa mashamba ya wakfu na kodi za wapangaji, na kila ilipotokea hivyo, kundi fulani liliondoka kwa hasira kwenda kuanza upya porini. Wasisto wa Cîteaux walifanya hivyo mwaka 1098, na wewe wa Kisauni ungewapongeza.

Assalaam aleikum Mwalimu. Niko Kibokoni. Katika Qur'ani wametajwa watawa wa Manasara, pengine kwa sifa na pengine kwa lawama. Wewe kama mwanahistoria walionekanaje zama hizo?

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Umesoma sawasawa. Surat al-Maida, aya ya 82, inawataja makasisi na watawa kuwa miongoni mwao wasiojivuna. Surat al-Hadid, aya ya 27, inasema utawa waliuzua wenyewe, hawakuandikiwa. Tafsiri muulize sheikh wako, mimi nakupa mandhari tu.

Karne ya 6 na ya 7 watawa walikuwa wametapakaa njia zote za misafara kutoka Hijazi kwenda Shamu. Monasteri ilikuwa kisima, taa ya usiku na kivuli cha mchana. Sira inamtaja Bahira, mtawa wa Busra, aliyemtambua Mtume akiwa kijana katika msafara wa ami yake Abu Talib. Chini ya mlima Sinai, mfalme Justiniano alijenga monasteri yenye kuta kama ngome, katikati ya karne ya 6, nayo haijafungwa tangu hapo. Ndani ya kuta hizo hizo upo msikiti tangu zama za Wafatimi. Watawa wake wanahifadhi nakala ya hati ya amani wanayoinasibisha na Mtume Muhammad, yenye alama ya mkono. Wanahistoria wanabishana juu ya asili yake, lakini masultani waliiheshimu, na Mabedui wa kabila la Jebeliya, Waislamu, wamekuwa walinzi na wafanyakazi wa mahali hapo kwa karne nyingi.

Na lile la kuandikiwa au kuzua, Wakristo wenyewe walilibishania. Nenda swali la mwanamke wa ACK, Kanisa la Kianglikana la Kenya, hapo chini.

Mwalimu, kila siku Antoni, Pakomi, Benedikto. Wanawake walikuwa wapi? – Tudor

Walikuwa mbele, dada yangu. Umesoma jibu la kwanza: Antoni alikuta pa kumpeleka umbu lake, naye mwenyewe alikuwa hajui bado alale wapi.

Pakomi alikuwa na umbu aitwaye Maria, ndiye aliyeongoza nyumba ya wanawake karibu na ya kaka yake. Basili unayesikia akisifiwa alirudi kutoka masomoni Athene amejaa majivuno, na aliyemtia adabu ni dada yake mkubwa, Makrina. Makrina alikuwa ameshaligeuza shamba la familia kule Anisa kuwa nyumba ya watawa, yeye na mama yao wakila meza moja na waliokuwa vijakazi wao. Kwa familia ya kitajiri ya karne ya 4 hilo lilikuwa jambo zito kuliko kulala pangoni. Katika mikusanyo ya semi za wazee wa jangwani, walimu wanawake wamo pamoja na wanaume: Sinkletika wa Aleksandria, Theodora, na Sara aliyeishi miaka 60 kando ya mto.

Nikuongezee Skolastika, umbu la Benedikto, yule Mwitalia aliyetunga kanuni ya watawa. Walikuwa wakionana mara moja kwa mwaka, katika nyumba karibu na monasteri ya Monte Cassino. Mwaka mmoja jioni imeingia, Skolastika akamwomba abaki wazungumze mpaka asubuhi. Benedikto akakataa: kanuni hairuhusu kulala nje. Skolastika akainamisha kichwa mezani akaomba, na mbingu iliyokuwa nyeupe ikapasuka kwa mvua na radi hata mtu asiweze kutoka mlangoni. Benedikto akamlaumu. Akamjibu: nilikuomba wewe ukakataa, nikamwomba Mungu akanisikia; sasa toka kama waweza. Wakakesha. Baada ya siku tatu Skolastika akafariki. Papa Gregori Mkuu, aliyetusimulia, anasema dada alishinda kwa sababu alipenda zaidi. Na hapo anayeshindwa ni mtunga kanuni mwenyewe.

Mwalimu, mimi niko kidato cha tatu Changamwe. Wale Waagustino uliowataja walikuwa watawa kama Wabenedikto? Na waliishia wapi?

Hapana. Mtawa wa Benedikto hukaa mahali pamoja hadi afe. Hiyo ni nadhiri yake. Karne ya 13, miji ya Ulaya ilipokua, yalitokea mashirika ya ndugu wanaozunguka mjini wakihubiri na kuomba riziki: Wafransisko, Wadominiko, na Waagustino, hawa wa mwisho wakiunganishwa kuwa shirika moja mwaka 1256. Hao husafiri. Ndiyo maana wao, wala si Wabenedikto, ndio walioingia jahazini.

Waagustino walifika Mombasa kutoka Goa mwishoni mwa karne ya 16, Wareno walipokuwa wakijenga Ngome, iliyoanzwa 1593. Walijenga nyumba na kanisa mjini. Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa aliyeuawa, alipelekwa Goa mtoto, akalelewa na Waagustino hao hao, akabatizwa Jerónimo, akarudishwa kuwa mfalme. Agosti 1631 alirudi katika Uislamu, akaingia Ngomeni, akamuua kapteni, na waliobaki wa Wareno na Wakristo wenyeji waliokataa kusilimu wakauawa, watawa wakiwa miongoni mwao. Mwaka uliofuata aliihama Mombasa, na Wareno wakarudi. Ukiandika insha, usiandike upande mmoja tu: kuna waliofia dini yao, na kuna kijana aliyenyang'anywa baba, mji na jina kabla hajapata ndevu.

Mwalimu, mimi ni wa ACK. Kwa nini sisi hatuna watawa?

Mnao, ila walipotea karibu miaka 300. Martin Luther mwenyewe alikuwa Mwagustino. Alifikia kuamini kwamba nadhiri hazimfanyi mtu kuwa bora mbele ya Mungu kuliko mama anayefua nepi, akavua kanzu, na mwaka 1525 akamwoa Katharina von Bora, aliyekuwa mtawa. Kule Uingereza sababu ilikuwa chafu zaidi: Mfalme Henry wa Nane alifunga nyumba karibu 800 kati ya 1536 na 1540 akachukua ardhi na madini ya risasi yaliyoezekea mapaa. Waanglikana walianza tena karne ya 19. Na si mbali nasi: Frank Weston, askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, alianzisha shirika la masista mwanzoni mwa karne ya 20.

Mwalimu, mimi ni mama wa Likoni. Mwanangu wa kiume ana miaka 19, amemaliza shule na alama nzuri, anasema anataka kwenda kwa Wabenedikto Tigoni. Baba yake hasemi naye. Mimi silali. Je, wakishamfungia nitamwona? Atakula nini? Na akibadili nia?

Mama, nimeiweka barua yako mwisho ili niijibu bila haraka.

Kanuni watakayomfundisha iliandikwa Italia katika karne ya 6. Benedikto wa Nursia alizaliwa mnamo 480, akaacha shule Roma, akaishi pangoni Subiaco miaka mitatu. Watawa wa nyumba ya jirani wakamwomba awe mkuu wao, kisha walipouona msimamo wake wakamtilia sumu katika divai. Akaondoka salama. Nadhani mtu aliyewekewa sumu na ndugu zake wa kiroho hujifunza jambo kuhusu ukali, kwa maana kanuni aliyoiandika baadaye Monte Cassino ina upole usioutarajia. Sura 73, fupi fupi.

Kula atakula. Sura ya 39 inataka vyakula viwili vya kupikwa mezani, ili asiyeweza hiki ale kile, na mkate ratili nzima kwa siku. Sura ya 40 inakiri kwamba watawa wasingepaswa kunywa divai hata kidogo, ila kwa kuwa siku hizi hawashawishiki, basi wapewe kipimo. Mgonjwa na mzee hupewa zaidi. Kuamka ni mapema. Zaburi zote 150 husaliwa ndani ya wiki moja. Baina ya sala ni kazi na kusoma. Kama mwanao ni wa kuamshwa mara tatu, hapo ndipo penye mashaka, si kwenye chakula.

Kufungiwa, hapana. Sura ya 58 inaamuru mgeni anayetaka kujiunga asikubaliwe kirahisi. Zamani aliachwa akibisha hodi siku nne au tano. Akiingia, kanuni husomewa mara tatu ndani ya mwaka, na mara ya kwanza huambiwa: hii ndiyo sheria, ukiweza ingia, usipoweza nenda zako huru. Hata akiweka nadhiri, nguo alizokuja nazo zinawekwa stoo, asije akatamani kuondoka akakosa cha kuvaa. Nimewasomea wanafunzi sheria nyingi za kale, na sikumbuki nyingine iliyomwekea akiba ya nguo mtu atakayeivunja.

Siku hizi sheria ya Kanisa ni wazi zaidi. Unovisi, yaani kipindi cha majaribio, si chini ya miezi 12. Nadhiri za muda si chini ya miaka mitatu. Nadhiri za daima hapana mpaka awe ametimiza miaka 21. Jumlisha mwenyewe: miaka minne kwa uchache, na kabla ya hapo kuna kipindi cha kuishi nao tu mkitazamana. Chuo kikuu humaliza mtu upesi zaidi.

Kumwona, utamwona, kwa sababu wewe utakuwa mgeni, na sura ya 53 inataka kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe. Sura inayofuata ni kali: mtawa asipokee barua wala zawadi, hata kutoka kwa wazazi, bila idhini ya mkuu. Nyumba nyingi zimelegeza hapo, ila kila moja ina utaratibu wake. Piga simu uwaulize siku za kutembelea, likizo ya nyumbani, simu ya mkononi na bima ya matibabu. Usione haya, mlezi wa wanovisi anayekasirishwa na maswali ya mama hafai kukabidhiwa kijana.

Baba yake usimlazimishe kufurahi. Mwambie tu kwamba kazi zipo. Wabenedikto walipofika Peramiho, Tanzania, mwaka 1898, na Ndanda 1906, walianzisha shule, hospitali, karakana na kiwanda cha uchapaji. Seremala na wauguzi wengi wa kusini mwa Tanzania walifundishwa humo. Na si salama siku zote. Watrapisti, watawa wengine wa Kanuni hiyo hiyo, waliokuwa karibu na Kipkelion hapa Kenya tangu 1956 walilazimika kuhamia Uganda mwaka 2008 baada ya vurugu za uchaguzi. Kuta hazikuwakinga na majirani waliokuwa wakiuana nje ya lango.

Umeuliza pia, kwa maandishi madogo pembeni, watu watasema nini akirudi baada ya mwaka mmoja. Watasema, mama. Watu wa Likoni husema hata feri ikifika mapema. Mwambie kijana apite kwangu wiki hii; nakala ya Kanuni ninayo, kitabu chembamba, aisome sura ya 58 na ile ya 54 kabla hajakata tiketi ya treni.